Mbichi inawasha, iliyopikwa haina neno: mwongozo wa mzio wa chakula kwa mla wa Pwani

Katika kila mtaa wa Lamu hukosi mtu asiyegusa kachumbari. Pilau anakula, mchuzi wa nyanya anachovya mkate wa mofa mpaka sahani inang'aa, lakini kipande cha nyanya mbichi kikifika mdomoni ulimi unawasha, midomo inafura kidogo, na koo linamkera kwa robo saa. Wenziwe humwambia anadeka. Hadeki. Mwili wake unaitambua nyanya mbichi na hauitambui ikishapikwa, na hilo lina sababu yake.

Tatizo linakuja pale mtu mwingine anaposikia habari hiyo akaamua kwamba moto ndio dawa ya mzio. Ana mtoto aliyevimba macho alipokula kamba wa kukaanga, basi safari hii anawachemsha nusu saa nzima ili "wasafike". Hapo ndipo watu wanapoumia. Moto husaidia kwa vyakula fulani, kwa vingine haubadilishi kitu, na kwa vichache unazidisha. Kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia ujue chakula chako kiko wapi kabla hujakirudisha kinywani. Nikisema "mbichi" nakusudia kisichopikwa, hata kama tunda lenyewe limeiva likamwaga maji.

Kabla ya hatua yoyote

Ikiwa ulipokula chakula hicho koo lilibana, sauti ikakauka, ukahema kwa shida au kifua kikapiga filimbi, ukapata kizunguzungu au ukazimia, au mabaka yalitapakaa mwili mzima huku ukitapika, usijaribu lolote nyumbani. Hayo ni dalili za mshtuko wa mzio. Chakula hicho kiache kabisa, kibichi na kilichopikwa, mpaka uonane na daktari. Ukimaliza hapa ruka mpaka hatua ya 6.

Hatua ya 1: Andika

Tumia daftari au simu, popote. Andika chakula chenyewe na kilivyotengenezwa: kibichi, cha kuchemsha, cha kukaanga, cha kuoka, cha kukausha juani. Andika muda uliopita kati ya kula na kuanza kuwashwa, dalili zilianzia wapi (mdomoni tu, au na ngozi, tumbo, kifua), na zilichukua muda gani kuondoka. Mzio wa haraka huanza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili hivi. Upele unaotokea siku ya pili au ya tatu ni jambo jingine, na tutalikuta mbele kidogo kwenye maganda ya embe.

Andika pia mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza: je, waliokula nawe walidhurika? Mzio humpata mwenye mzio peke yake. Sinia zima likiwashwa, tafuta sababu nyingine. La pili: ulikuwa unafanya nini siku hiyo? Mbio au mpira baada ya kula, homa, pombe, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na aspirini zinaweza kuugeuza mzio mdogo ukawa mkubwa. Tumbo tupu nalo lina mchango wake. Ndiyo maana mtu anaweza kula kipande cha papai mwaka mzima bila shida, kisha akafuturu kwa bilauri kubwa ya juisi ya papai, ndizi na parachichi iliyosagwa pamoja, akashangaa mdomo unafura. Juisi ni tunda bichi, tena jingi, tena linashuka kwa haraka.

Hatua ya 2: Ondoa visivyo mzio

Hatua hii hurukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote kwa mtu wa Pwani, kwa sababu vyakula vyetu kadhaa huwasha bila ya kinga ya mwili kuhusika.

Anza na nanasi. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huyeyusha protini, pamoja na zile za ngozi ya ulimi wako. Ukila vipande vingi kila mtu ulimi unachonyota. Likipikwa, bromelaini inakufa na mchonyoto unaisha. Majimbi nayo, yasipoiva sawasawa, hukereketa koo kwa sababu yana fuwele za oksaleti zenye ncha kama sindano. Dawa yake ni kuyachemsha mpaka yalainike kabisa. Mtu anayewashwa na vitu hivi viwili tu hahitaji kipimo cha mzio.

Embe lina hadithi ndefu zaidi. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo, na mafuta yaliyomo gandani, vina kemikali zinazofanana na zile za ganda la korosho, maana mwembe na mkorosho ni mimea ya ukoo mmoja. Anayepasua korosho mbichi kwa mikono mitupu anaujua moto wa yale mafuta. Kwa embe mambo ni ya polepole: unalimenya kwa meno leo, na kesho au kesho kutwa pembe za mdomo zinatoka vipele vyenye maji, vinawasha, vinakauka kwa magamba. Huo ni mzio wa ngozi wa kuchelewa, na mara nyingi nyama ya embe haina hatia. Kata kikonyo, uache utomvu utiririke, lioshe embe, mwombe mtu mwingine alimenye, kisha ule vipande kwa uma. Vipele visiporudi, umepata jibu. Dodo, ngowe, boribo, zote zina utomvu, kwa hiyo kubadilisha aina hakukuokoi.

Lakini kama embe lililomenywa na mwingine linakuletea mabaka na kuvimba ndani ya dakika chache, huo ni mzio wa nyama ya tunda, na hapo moto si wa kutegemewa. Protini za embe zinazoleta mzio wa aina hiyo zimeonekana kustahimili hata utengenezaji wa juisi na rojo viwandani. Achari usiijaribu kwa kudhani kwamba jua na mafuta vimeshamaliza kazi.

Na samaki. Mtu anakula jodari au vibua, na ndani ya saa moja uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha, tumbo linaharisha. Anaandikiwa "mzio wa samaki", na tangu siku hiyo hagusi hata changu. Mara nyingi kilichotokea ni sumu ya histamini. Samaki wenye nyama nyeusi na mafuta wakikaa bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili hutoa wakati wa mzio, ndiyo sababu dalili zinafanana. Histamini haiondolewi na kupikwa, kukaangwa, kugandishwa wala kukausha. Samaki huyo huenda asinuke, ingawa baadhi ya walaji husema aliwachoma ulimi kama pilipili. Uliza basi: waliokula naye walikuwaje? Alifika lini kutoka baharini, na alikaa wapi? Je, jodari yuleyule akiwa mpya unamla bila shida? Majibu hayo mpelekee daktari, kwa sababu kumnyima mtu wa kisiwani samaki maisha yake yote ni adhabu kubwa kwa kosa la muuzaji asiyeweka barafu.

Maziwa nayo: tumbo kujaa gesi na kuharisha baada ya glasi ya maziwa, bila mabaka wala kuvimba, kwa mtu mzima huwa ni sukari ya maziwa isiyosagika. Mtu huyo mara nyingi huyaweza maziwa ya mtindi, kwa sababu uchachu umeshakula sehemu ya ile sukari.

Hatua ya 3: Jua chakula chako kiko kundi gani

Mzio wa chakula ni kinga ya mwili kuishambulia protini. Kinga huitambua protini kwa umbo lake, jinsi ilivyojikunja. Joto linaweza kuikunjua mpaka isitambulike tena, kama funguo iliyopinda isivyoingia kwenye kitasa. Ila protini nyingine hazipindi kirahisi, na nyingine kinga inazijua kwa vipande vyake hata zikiwa zimekunjuka.

Matunda na mboga ndiyo kundi ambalo moto husaidia zaidi. Nyanya, karoti, ndizi, tikiti, papai na parachichi zina protini dhaifu zinazofanana na protini za chavua, yaani unga wa maua, au za utomvu wa mpira. Mtu anayepiga chafya majani yanapochanua baada ya mvua, mwili wake unaweza kuona tikiti au nyanya ukadhani ni chavua. Vitabu vingi huieleza hali hii kwa mfano wa tofaa na miti ya Ulaya isiyoota kwetu, na pengine ndiyo maana watu wa huku huambiwa hawana. Dalili huwa mdomoni, huanza upesi na huisha zenyewe ndani ya saa moja. Upande wa mpira, ukiwashwa na glavu, baluni au kondomu, halafu ndizi, papai au parachichi zikakuwasha pia, mwambie kila daktari na kila mng'oa meno kabla hajavaa glavu. Hiyo ni habari nzito kuliko ndizi yenyewe.

Maziwa na mayai yako katikati. Yai la kukaanga juujuu na yai lililookwa ndani ya keki kwa nyuzi 180 kwa nusu saa ni vitu viwili tofauti mbele ya kinga. Watoto wengi wenye mzio wa mayai, karibu 7 kati ya 10 katika tafiti nyingi, wanaliweza yai lililookwa hivyo pamoja na unga, na kwa maziwa hali inakaribia hiyo. Usichukue sentensi hiyo ukampa mtoto mkate wa mayai jioni hii. Mkate wa mayai una mayai mengi na unga kidogo, na katikati mara nyingi hubaki laini. Jaribio la kwanza lifanyike mbele ya daktari. Maziwa ya chai, hata yakichemka mara tatu, bado yana protini iitwayo kaseini, na kaseini haiogopi moto. Ya mbuzi hayasaidii pia, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, japo ushauri wa kumpa mtoto maziwa ya mbuzi utausikia kila baraza.

Sasa lile kundi ambalo moto haulibadilishi. Kamba, kaa na kamba mawe wana protini iitwayo tropomaiosini, ambayo inachemka bila kuharibika na kutoka hadi kwenye supu. Wengine huwashwa kwa kusimama karibu na sufuria tu, kwa sababu mvuke umeibeba. Awe kamba wa Ghuba ya Ungwana au wa nje, mbichi, wa kuchemsha au aliyekaushwa, ni yuleyule. Samaki wana pavalbumini, nayo ni sugu, ingawa kuna wachache wanaomudu jodari wa mkebe. Korosho na ufuta ni sugu vilevile. Kuchoma korosho huondoa mafuta makali ya ganda, hakuondoi mzio wa kokwa. Mzio wa kokwa ya korosho ni wa kuogopwa, na unga wa korosho kidogo katika mchuzi unatosha.

Njugu ndizo zinazokwenda kinyume. Zikichomwa kavu kwa joto kali, uwezo wake wa kuamsha mzio huongezeka. Zikichemshwa hupungua kiasi, kwa kuwa sehemu ya protini huingia majini, lakini hazifiki pa kuitwa salama. Mwenye mzio wa njugu aepuke za kuchemsha pia, aepuke na kashata.

Hatua ya 4: Kama ni matunda na mboga tu, pika hivi

Hatua hii ni ya mtu ambaye dalili zake zimebaki mdomoni, hajawahi kupata shida ya pumzi, na chakula kilichopikwa anakila tayari bila shida. Mwenye pumu isiyotulia asifanye majaribio peke yake.

Joto lifike katikati. Karoti iliyopitishwa kwenye maji moto kwa dakika moja ina ganda lililopikwa na moyo mbichi. Katakata vipande vidogo, chemsha au kaanga mpaka kisu kipite bila kukataa. Badala ya kachumbari, kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia chumvi na pilipili, acha ipoe, kisha kamulia ndimu. Haitakuwa kachumbari, lakini pilau halitalalamika. Papai changa la mchuzi, ndizi za nazi, boga la nazi: mapishi ya bibi zetu yameshafanya kazi hii zamani.

Vitu vitatu havihesabiki kuwa ni kupika. Ndimu na siki hugeuza rangi ya chakula, haziondoi mzio. Samaki aliyelowekwa kwenye ndimu kama wanavyompenda wageni kwenye hoteli za Malindi bado ni samaki mbichi. Friza haiondoi. Jua haliondoi.

Na huyo samaki mbichi ana jambo lake jingine: anaweza kuwa na mnyoo mdogo uitwao anisakisi. Kumpika vizuri au kumgandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 humuua mnyoo, lakini aliyekwisha kupata mzio wa mnyoo anaweza kuwashwa hata akila mnyoo mfu. Mtu anayesema "samaki mmoja hunidhuru, mwingine wa aina ileile hanidhuru" amtajie daktari jambo hili, pamoja na lile la histamini.

Hatua ya 5: Kwa daktari

Peleka daftari lako. Peleka na tunda lenyewe, bichi, ndani ya mfuko safi. Dawa za kupimia za matunda zinazotengenezwa viwandani mara nyingi hupoteza zile protini dhaifu, kipimo kikaonyesha huna kitu wakati unacho. Basi daktari wa mzio huchoma sindano ndogo kwenye tunda, kisha kwenye ngozi yako. Kipimo hiki hakifanywi kila kituo, kwa hiyo uliza rufaa, na uliza mapema ni siku ngapi uache dawa za mzio kama setirizini, kwa sababu zinaficha majibu.

Kipimo chenye majibu mengi mekundu si orodha ya marufuku. Kinaonyesha kinga yako inakitambua kitu, hakithibitishi kwamba kitu hicho kinakudhuru. Nimeona watoto walioondolewa mayai, maziwa, samaki na ngano kwa mpigo kwa sababu ya karatasi, wakabaki wamekonda. Kama mtoto alikuwa akila samaki bila shida kabla ya kupimwa, muulize daktari vizuri kabla hujamwondolea.

Hatua ya 6: Mpango wa dharura wa kisiwani

Aliye Malindi mjini anapanda tuktuk. Aliye Pate, Siyu au Kizingitini anahesabu maji kwanza, maana maji yakiwa yametoa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa kila chombo. Panga kabla: kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, kina adrenalini au hakina, nani mwenye boti atakayepokea simu usiku. Waulize leo, wakati hakuna mgonjwa.

Dawa ya mshtuko wa mzio ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kama daktari amekuandikia ya kubeba, itumie mapema, usingoje koo libane kabisa. Dozi ya pili inaweza kuhitajika baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Piriton na setirizini hupunguza mwasho, hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoshuka. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida akae. Aliyezimia au anayetapika alazwe ubavu. Asisimamishwe ghafla, asitembezwe mpaka gatini kwa miguu: mbebeni. Asipewe maziwa, ndimu wala maji ya chumvi kinywani. Akipata nafuu bado apelekwe hospitali na akae chini ya uangalizi, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Sinia la arusi ni suala la kupangwa pia. Mikono ni mingi, kachumbari imemwagwa juu ya wali, na karai lililokaanga kamba asubuhi ndilo linalokaanga viazi mchana. Mwenye mzio wa kamba au korosho atengewe sahani kabla sinia halijaguswa, na viazi vyake vikaangwe kwa mafuta mapya. Mwambie mpishi mkuu mwenyewe, siku moja kabla, kwa jina la chakula na kwa jina la mtu. Ukimwambia "kuna mtu ana aleji" wakati masinia yanatoka, ataitikia "hewallah" na hatakuwa amesikia.